Sajini wa Kituo Kisichokuwepo

Nilitumwa kwenda kumfuta askari hewa kwenye orodha ya mishahara. Nikamkuta amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi, ananipigia saluti.

Aisee, nikajikuta naitikia saluti.

Naitwa Tiyamike Jere. Nilikuwa inspekta wa kikosi cha doria ya mpakani, inspekta wa makaratasi, si wa bunduki. Miaka kumi na moja nilikaa chumba cha utumishi, makao makuu, Lilongwe. Likizo, uhamisho, vyeo, pensheni, vyote vilipita mikononi mwangu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na dereva wangu, Gomani, na karatasi ya majina tisa ya watu wanaolipwa bila kujulikana walipo. Wanane tulishawafuta. Wa tisa alikuwa Sajini Maliseni, Kituo Namba 14, Chimpeni.

Kituo Namba 14 hakipo. Nilijua hivyo kwa sababu niliyekifuta ni mimi.

Miaka sita nyuma kikosi kilipata muundo mpya. Wakubwa wakaamua Chimpeni iunganishwe na kituo cha barabara ya lami, kilomita hamsini kutoka pale. Kazi ya kuchora chati nikapewa mimi. Nikachukua rula, nikaondoa kisanduku kimoja, nikaenda zangu kula.

Sasa kisanduku chenyewe kilikuwa mbele yangu, kimepakwa chokaa, ua umefagiliwa na bendera ipo juu.

"Karibu, afande," akasema. "Umekuja kunipokea?"

"Wenzako wako wapi?"

"Walihamishwa wote watano. Mimi nilibaki kukabidhi."

Kwetu kanuni ya makabidhiano hakuna asiyeijua. Askari wa mwisho haondoki kituoni mpaka aje mwenzake wa cheo sawa au zaidi, wahesabu mali, wote wawili waweke sahihi daftarini. Ukiondoka bila sahihi hiyo, umetoroka. Ukitoroka, pensheni ndiyo basi tena.

Na nani angetumwa kupokea kituo ambacho hakipo?

"Miaka sita, mzee wangu?"

"Na miezi minne." Akacheka kidogo. "Mwanzoni nilikuwa naongea na redio ya kazi. Ilipokufa nikaanza kuongea na mbuzi wa jirani. Jirani naye akahama na mbuzi wake."

Gomani akacheka. Alicheka peke yake.

Mzee alitupikia nsima, ugali wa kwetu, na dagaa wa usipa wa kukaanga. Alikula huku uso ameuelekeza barabarani, kwa mazoea tu. Akatuambia kila asubuhi bado anaita majina ya askari sita, maana ratiba ya kituo inasema hivyo. Likifika lake anaitika.

"Mbona hukuomba hata likizo?" nikamuuliza.

"Niliomba. Fomu inataka sahihi ya mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo ni mimi, na askari haruhusiwi kujiidhinishia likizo. Nikawaandikia nyinyi, kwa mkono wa madereva wa malori ya mahindi."

Akafungua sanduku la bati, akatoa majibu. Barua kumi na moja, zimekunjwa vizuri. Zote zilisema kitu kimoja: kituo hicho hakimo kwenye muundo, tafadhali pitisha maombi kwa mkuu wako wa kituo. Chini, T. Jere.

Sahihi yangu. Na sikukumbuka hata moja.

"Jina lako nalijua siku nyingi, afande," akasema kwa upole. "Ila nilidhani ni mwanamume."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angenitukana ningepata nafuu.

Halafu akaniambia lililokuwa linamla roho. Jumamosi, kule Dedza, mpwa wake alikuwa anafanyiwa chinkhoswe, sherehe ya posa ya kimila. Kwa kina Maliseni wajomba wote wameshafariki, amebaki yeye. Na bila mjomba wa binti kumpokea jogoo kutoka upande wa bwana harusi, hakuna ndoa.

"Wameahirisha mara mbili wakinisubiri," akasema. "Wakwe wamesema hii ya tatu ndiyo mwisho. Yule mtoto nilimwacha na miaka kumi na tano, afande. Ananipenda kweli."

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Nikampigia mkuu wangu wa utumishi, Bwana Chisale.

"Mkuu, Maliseni yupo. Nimekula naye."

"Andika hayupo."

"Mkuu, mtu yu hai, ana meno yote!"

"Jere, tumia akili. Ukiandika yupo, basi kituo kipo. Kituo kikiwepo, chati iliyosainiwa na mkubwa ni ya uongo. Unataka kumwambia mkubwa mwongo? Futa jina, rudi."

Nilishuka kile kilima taratibu sana. Nikimfuta, miaka ishirini na saba ya utumishi inakwenda na maji. Nisipomfuta, anabaki palepale na mpwa wake anakosa mume.

"Mzee," nikamwambia, "lete daftari la makabidhiano."

Tukahesabu. Vitanda sita, pingu jozi nne, redio mbovu moja, nguzo ya bendera. Akasaini kukabidhi. Nikasaini kupokea.

Alilitazama lile daftari, kisha akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, wala hakujificha.

"Na wewe je, nani atakupokea?"

"Mimi ni wa makao makuu, mzee. Jumatatu watatuma mtu."

Akanitazama kwa huruma. Ijumaa alfajiri akaondoka na Gomani.

Jumatatu hakuja mtu.

Nikampigia Bwana Chisale. "Ulipokea nini?" akauliza. Nikasema kituo. "Kituo gani?" Akakata. Hakupokea tena simu yangu.

Ningeweza kuondoka, ndiyo. Lakini mpokeaji akitoroka kabla faili la pensheni la aliyekabidhi halijafungwa, makabidhiano yanabatilika, na mtoro anakuwa yule mzee. Kanuni hiyo niliiandika mimi pia.

Nikakaa. Kila siku nilipanda kilimani na simu yangu. Unajua kilichoniuma? Haikuita. Miaka kumi na moja ofisini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule Jere kapotelea wapi. Wiki ya pili ukaingia ujumbe, nikaruka kwa furaha. Ilikuwa kampuni ya simu inanitangazia ofa.

Niligundua sikuanza kuwa mpweke Chimpeni. Lilongwe nilikuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba kule kulikuwa na kelele.

Wiki ya tatu nilijikuta naita majina asubuhi. Nililia siku hiyo, sikufichi.

Siku ya ishirini na tisa nikaona mtu anakuja kwa miguu, amevaa suti, kapu begani. Alikuwa Maliseni. Alipanda lori la mahindi hadi lilipoishia, akatembea kilomita zilizobaki.

"Ndoa?" nikauliza kabla hata ya salamu.

Akanionyesha kidonda kiganjani. "Jogoo wao ana hasira huyo! Lakini nilimpokea."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akatoa bahasha mfukoni.

"Nilikwenda makao makuu kufuatilia pensheni. Imepita, sahihi yako wameikubali, Bwana Chisale mwenyewe kaidhinisha. Wakanipa na hii nikuletee, maana kwenye vitabu vyao njia ya kuja huku haipo."

Nikafungua. Nimefukuzwa kazi kwa kutoonekana ofisini siku ishirini na moja bila ruhusa.

Soma tena hapo. Kwenye faili lake, nipo Chimpeni, nimepokea kituo kihalali. Kwenye faili langu, mimi ni mtoro. Mafaili yote mawili yana sahihi ya Bwana Chisale.

Maliseni aliniacha nimalize kusoma. "Dada yangu, mama wa bibi harusi, kasema nisirudi bila wewe. Ametandika kitanda."

Nikasimama mlangoni. "Sasa kituo namkabidhi nani?"

"Kituo gani, mwanangu?" akasema, akachukua begi langu, akatangulia.

Leo nalima viazi Dedza, na kila Jumapili nakula kwa kina Maliseni. Nasikia kikosini wanachora muundo mwingine.

Wewe uliyekalia kiti na muhuri mkononi, nakuomba jambo moja tu. Kabla hujaandika kwamba mtu hayupo, nenda ukabishe hodi. Mimi nilichelewa miaka sita na miezi minne.