Kushikwa kwa Nev na Gati

Neville Haddow hajawahi kukutana na gati likampendeza. Gati, lile jukwaa la zege tunalolirudia kinyumenyume na lori ili tushushe mzigo, kwake ni jambo la kulalamikia kutwa nzima, na ukimwona amenyamaza ujue anatafuna. Hili lina mteremko, lile limejengwa na mtu aliyeona lori kwenye kalenda tu. Sisi madereva wa Queensland tumemzoea. Akianza, tunachemsha maji ya chai.

Lakini kwa kurudi nyuma, jamani, hana mpinzani. Na lori lake hamruhusu mtu kuligusa. Siku moja mkewe Glenys aliketi kwenye usukani kuikimbia mvua, akaulizwa amepotea njia au vipi.

Siku ninayoisema ilikuwa Desemba, jua kali hadi lami inanata. Jioni yake Maeve, mjukuu wa Nev, alikuwa anaigiza emu, yule ndege mkubwa mwenye shingo ndefu, kwenye tamasha la shule huko Warwick, na babu alikuwa ameahidi kufika. Ahadi za Nev tunazijua. Aliahidi harusi, aliahidi ubatizo, aliahidi hata mazishi ya shemeji yake, na kote huko alifika watu wanakunja viti. Safari hii Maeve alimwambia kwenye simu kwamba asipokuja, basi, hatamwalika tena. Katoto ka darasa la kwanza. Nev alinisimulia huku anacheka, ila kicheko chenyewe hakikwenda mbali.

Asubuhi alishusha nusu ya mzigo wake, karatasi za chooni, kwenye hoteli moja ya Brisbane. Ofisini waliapa kwamba kichochoro ni kipana, lori linaingia bila tabu. Kichochoro kilikuwa kimejaa meza za mkahawa, na bibi mmoja mwenye kijibwa akagoma kusogea mpaka amalize kahawa yake. Alikuwa anainywa kidogokidogo, na nusu ya siku ya Nev ikaishia ndani ya kikombe kile.

Nusu ya pili ilikuwa ya ghala la Toowoomba, na mkubwa wa gati pale ni Damien, mwanawe wa kumzaa, baba yake Maeve. Damien ni mtu wa kanuni. Kila lori lina saa yake, na ukichelewa unakwenda mkiani mwa foleni. Ukifika gatini unakabidhi funguo, kisha unasimama ndani ya kisanduku kilichochorwa sakafuni kwa rangi ya njano, hapo hapo, mpaka mzigo uishe, mashine za kunyanyulia zisije zikakukanyaga. Nev anakiita choo cha paka.

Alipofika, saa yake ilikuwa imepita zamani. Mimi nilikuwa ndani ya choo cha paka nasubiri nirudishiwe funguo zangu, kwa hiyo niliyasikia yote. Nev hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ana mwana gatini, nani kama yeye? Akashuka, akamwambia Damien amwingize upesi, wasije wakamkosa mtoto. Damien akamwonyesha foleni, imefika hadi barabarani.

"We Damien, mimi ni baba yako."

"Najua. Na hao walio mbele yako nao ni baba wa watu."

Nev akawaka. Akamkumbusha nani alimfundisha kuendesha, nani alimbeba mabegani, kisha akaitukana rangi ya njano popote ilipo duniani. Mimi nikawa nasoma maelezo ya kizima moto kwa bidii sana. Damien alimwacha amalize, halafu akasema taratibu:

"Nilipokuwa mdogo, kila nikiuliza uko wapi, mama alikuwa ananiambia umeshikwa na gati. Nilidhani Gati ni mwanamke, baba. Nilidhani una watoto kwake, na hao ndio unaowapenda."

Nilimhurumia mzee yule, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

Damien akavua kizibao chake cha kazini. Zamu yake imekwisha, akasema, anakwenda Warwick, na gari lake lina nafasi. Hakumbembeleza.

Nev akalitazama lori, akanitazama mimi. Akaja akaninyooshea funguo, lakini hakuziachia, ikabidi tuvutane kidogo.

"Coral, dada yangu, ukirudi nyuma, ule upande wa kushoto..."

"Nenda, mzee."

Akaenda. Alikuwa anageuka kila hatua, lakini alienda.

Niliporudishiwa funguo zangu nikaegesha lori langu kando, nikasota kwenye foleni ile ndani ya lori la Nev, na kiyoyozi chake kibovu. Zamu ilipofika nikarudi nyuma polepole, kwa heshima zote, na bado nikaigonga taa ya kushoto ukutani, vioo vikamwagika chini. Nilitaka kulia. Usiku ule usingizi haukuja.

Kesho yake Nev alifuata funguo nyumbani kwangu, na alianza kusimulia kabla hajafika mlangoni. Shingo ya Maeve, waliyoishona kwa soksi, ilidondoka jukwaani. Maneno ya wimbo aliyasahau yote. Kisha akamwona babu yake mstari wa mbele, akaacha kuigiza kabisa, akasimama anapunga mkono mpaka mwalimu akaja kumtoa. Nikajikaza. Nikamwambia, Nev, nisamehe, nimekuvunjia taa ya nyuma.

"Subiri kwanza," akasema. "Sijamaliza."