Mpima giza wa Modogashe

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Modogashe bado umelala, isipokuwa madereva wawili wa malori wanaochemsha chai kando ya barabara. Kilimani nyuma ya mji, Dkt Safiyo Kerrow anafuta vumbi kwenye kioo cha darubini kwa brashi ya kupaka poda.

Mwezi umebaki nusu. Ubavuni mwake imetulia nyota moja nyeupe ambayo Wasomali huiita Dirir. Upepo umekata, ngamia wanacheua mahali fulani gizani, na mtu angeweza kusahau kabisa kwamba hapa kuna kazi inayofanyika.

"Kazi yangu ni kupima giza," anasema, akinyanyua kifaa kinachotosha kiganjani. "Watu wa Nairobi wananicheka. Nawaambia giza ni mali, na ninyi la kwenu mmeshalimaliza."

Safiyo, mwenye umri wa miaka 47, ni mwanafalaki. Alizaliwa kwa wafugaji wa eneo hili, akasoma Garissa, na leo nyumba yake iko mtaa wa Galbet, huko huko Garissa. Kwa miaka kumi na tisa amechunguza nyota zinazofifia kisha zikang'aa tena. Sita kati ya miaka hiyo aliongoza idara ya falaki katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Kila mwezi hupeleka darubini kwenye shule za kambi ya wakimbizi ya Hagadera, na huko hata wenye mikokoteni ya punda huegesha punda wao wakapanga foleni na watoto.

Sasa anataka kitu kimoja tu: kituo cha kutazama nyota juu ya kilima hiki.

Wafadhili wanadai ushahidi kwamba anga ya hapa huwa safi miaka nenda miaka rudi, lakini kifaa chake kina kumbukumbu za miaka miwili pekee. Kilima nacho ni cha jamii, na wazee wasiporidhia halitawekwa hata jiwe. Mambo yote mawili yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja: Dagane Warfa, miaka 78, msoma nyota wa wafugaji ambaye wazee wenzake humsikiliza, na mjomba wake Safiyo. Kwa Kisomali humwita abti.

Abti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa hazungumzi naye habari za mbingu.

Kosa lilikuwa la Safiyo, na halifichi. Aliporudi kutoka ng'ambo na shahada yake ya udaktari, alialikwa kuhutubia mkutano wa shule. Mzee Dagane akaeleza jinsi Dirir inavyoonyesha mvua. Mpwa wake akamkata kauli mbele ya watu wote, akasema hayo ni ya kale. Mkubwa akivuliwa nguo, huchutama. Mzee alichukua bakora yake akatoka taratibu.

"Nilikuwa kijana, nimevimba kichwa," anasema Safiyo. "Nilijua nyota zote na sikujua adabu."

Kana kwamba hilo halikutosha, miaka miwili iliyopita aligawa fomu akiwaomba wafugaji waandike usiku wenye mawingu na usiku usio na mawingu. Swali la kwanza liliuliza: una ngamia wangapi? Mtoto wa wafugaji kuuliza hivyo ni ajabu, maana idadi ya ngamia haitajwi, huleta kijicho. Fomu mia mbili zilirudi na jibu moja: Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Ni baada ya aibu hiyo ndipo akili ilipomrudia. Alikumbuka kwamba kila mwezi unapokutana na Dirir, mara kumi na tatu kwa mwaka, abti alikuwa akikesha akiangalia kama nyota imefunikwa na mawingu au iko wazi, ndipo awaambie watu mifugo ielekee wapi. Alifanya hivyo kwa miaka arobaini na moja, na hajasahau usiku hata mmoja.

"Nilizunguka dunia kutafuta takwimu," anasema, "kumbe zimekaa nyumbani zinakunywa maziwa."

Kosa la hadharani hutengenezwa hadharani. Novemba iliyopita alikwenda kisimani na beberu mnono wa kumpooza mzee, watu wakiwa wamejaa, akaomba radhi. Mzee akamnywesha maziwa kwanza, akamuuliza habari za njiani, za watoto, za Garissa nzima. Kisha akasema, "Leta kalamu."

Mzee alimsomea kumbukumbu zake, kwa kichwa, kwa siku tatu. Mwaka ule ndama walipozaliwa kwenye matope, Dirir ilijificha mara nne. Mwaka wa nzige, mara moja. Kwa mikutano kumi na tano ya mwezi na Dirir ambayo kifaa na mzee wote waliishuhudia, Safiyo alilinganisha maneno ya mzee na kifaa chake. Walihitilafiana mara moja tu.

"Ile siku mashine ililala," anasema Mzee Dagane, ambaye leo ameketi mkekani kando ya darubini. "Mimi sikulala."

Hakuitazama mikutano ya baadaye. Ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfunga macho yote mawili, na kwa miezi tisa hajaiona Dirir. Safiyo anaeleza hilo kwa sauti ya chini, na uchungu unaonekana wazi usoni mwake.

Anamshika mzee mkono, anamwinamisha kwenye darubini, ambayo hukusanya mwanga mwingi kuliko jicho. Mzee anasogeza jicho huku na huko kwenye kioo.

"Iko," anasema hatimaye. "Imekuwa nene. Alhamdulillahi. Mimi nilifikiri imekwenda na macho yangu."

Wazee watakutana baada ya swala ya Ijumaa, na Mzee Dagane amesema atamuunga mkono mpwa wake. Ana masharti mawili: kilimani pasiwashwe taa, na lile swali la ngamia litoke.

Safiyo anatamani msingi uchimbwe kabla ya mvua za masika, na kabla ya hapo abti awe amepasuliwa macho mjini Garissa. Anafungua mkoba, anatoa fomu mpya. Swali la kwanza ameliandika kwa mkono: Mmeamkaje huko, na mbingu imewaambia nini?

Mzee anaomba asomewe mara mbili. Kisha anaketi vizuri mkekani, anakohoa kidogo, na kuanza kujibu.