Mkoba wa Katani

Juzi mjukuu wangu alikuja na mkoba wa katani wenye nyuzi zinazoning'inia. Nikamwambia autundike nje.

Mama yangu alisuka wa namna hiyo. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, ng'ombe wa mahari walirudishwa kwetu, maana mama hakuzaa wa kiume. Mimi nilidhani tumetajirika. Mama akatoka na mkoba begani, bibi mzaa baba akamzuia mlangoni.

"Mama Kabula, hiyo katani ni ya shamba la mwanangu. Uache."

Mama akamwaga vilivyomo, kanga zake zikaanguka vumbini. Bibi akanivika mkoba mimi. Ulinukia moshi na jasho la mama. Nikarukaruka.

"Mama, ukitoka gulioni niletee sukari guru!"

Hakugeuka. Mkoba niliubeba hadi ukachanika. Yeye sikumwona tena.