Msiba Ulionipita Simu Ikiwa Mkononi

Nilikuwa na kibanda cha chai na chapati Nyarugusu, jirani na karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Kaka yangu mkubwa alichimba kwenye duara moja, shimo la wachimbaji wadogo, lililokuwa mwendo mfupi kutoka hapo, na kila asubuhi alikunywa chai kwangu kabla ya kushuka shimoni. Mama yetu alibaki kijijini, ndani kutoka Ushirombo, pamoja na baba na mdogo wetu wa kike. Mama tulimwita mayu, kwa Kisukuma.

Simu yangu ilikuwa imenisumbua kwa muda, ikitaka nifanye apdeti. Jioni moja nikakubali, nikitumia Wi-Fi ya gesti ya jirani. Ikazima, ikawaka, ikaniandikia kwamba sasa imeboreshwa. Kuanzia hapo Wi-Fi haikushika tena, nikiiwasha inajizima. Bluetooth nayo ikapotea, spika ya kibandani ikanyamaza na wateja wakanung'unika kukosa muziki. Mimi nilihangaika na hayo mawili tu. Upande wa laini niliona vijiti vyote vimesimama, kwa hiyo haikunijia kabisa kwamba hakuna simu iliyokuwa ikiingia. Jumapili, baada ya misa, nilimpigia mayu kama kawaida yangu. Ikakata kabla ya kuita. Nikasema ni mtandao wa kwetu, huwa unapotea hata wingu likipita.

Siku hizo kaka alikuja kunywa chai kama kawaida. Aliomba sukari zaidi. Aliniuliza kama simu yangu bado ni mbovu, nikamjibu bado. Akasema nisijisumbue, itakaa sawa yenyewe.

Haikukaa sawa, nikaipeleka kwa fundi wa sokoni. Alisema apdeti ile imeharibu simu nyingi za aina yangu. Akafuta mipangilio yote ya mtandao, akaichomoa laini na kuirudisha. Akanikabidhi huku ikitetemeka, maana meseji zilikuwa zinaingia mfululizo. Zote zilitoka kwa mdogo wangu. Mayu anaumwa. Mayu hali chakula tena. Mayu anakuulizia. Iliyokaa juu kabisa ilisema: "Tumeshazika. Baba anasema msihangaike."

Nilikimbia mpaka kwenye duara, nikamwomba mtu wa kamba amwite kaka. Alipanda juu, mwili mzima tope. Nilimwambia mayu amekufa. Alikaa juu ya kiroba cha mawe, akajifuta macho kwa mkono ulio mchafu, akasema, "Basi twende." Hakuuliza alikufa lini wala aliumwa nini. Nilidhani ni uchungu.

Tulipofika, mama mdogo, mdogo wake mayu, ndiye aliyekuwa mlangoni. Nilimpigia goti nikamwambia shikamoo. Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia jikoni, kisha akanipita, akamkumbatia kaka na kulia shingoni mwake. Wanawake waliokuwa mkekani wakasogea, lakini si kunipa nafasi. Walisogeleana wao kwa wao.

Kaka aliitwa kwa wazee. Nilimsikia nikiwa nimesimama nje. Alisema yeye yuko chini ya ardhi kutwa, huko simu haishiki, kwa hiyo nyumba nzima ilimtegemea dada yake mwenye simu ya kisasa. Alisema hajui dada yake alikuwa na mambo gani. Aliyasema hayo kwa upole, na wazee wakaguna kwa kumhurumia.

Nilikwenda jikoni kwa mdogo wangu, nikaanza kumweleza habari ya apdeti. Alikuwa anachambua mchicha na hakuinua kichwa. Alisema alinipigia mpaka akachoka, ndipo akampigia kaka kumwambia mayu amezidiwa, jioni akiwa ametoka shimoni. Kaka alipokea, akasema ataniambia na tutakuja wote. Kesho yake, mayu akiwa ameshakufa, alipokea tena, akasema tuko njiani. Kwa sababu ya neno hilo, ambalo baba aliwapa watu bila kusema limetoka kwa nani, walitungoja mayu akiwa hajazikwa na jua lile, mpaka watu wakaanza kuomba azikwe.

Nilimkuta kaka nyuma ya zizi. Hakukataa.

"Duara lilikuwa limegusa mwamba wa dhahabu," alisema. "Ningetoka, mwingine angeingia nafasi yangu. Na mayu angekufa tu, niwepo nisiwepo."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja peke yako. Watu wangeuliza mimi niko wapi."

Nilimwacha hapo, nikaenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amejifunga shuka, amekonda. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, nikaapa kwa kaburi lile bichi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Ile mara ya pili niliongea naye mwenyewe. Nilisikia mashine za huko nyuma yake. Nilijua hayuko njiani."

Nikamwomba awaambie watu. Akaniambia kaka ndiye nguzo ya mji ule. Wakijua mtoto wa kwanza alichagua shimo, nani atakaa naye kikao? Mimi ni wa kuolewa, nitakwenda kwa watu wengine na maneno haya yatabaki huku.

"Libebe," alisema.

Nilimuuliza baba, mayu alisema nini mwishoni. Alisema aliniulizia mimi, kila alipopata nguvu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hupokei simu."

Nilibeba. Kwa muda wote wa matanga mama mdogo alinipa kazi ya maji na kuni, na nilipotua ndoo hakuna aliyenipokea. Mdogo wangu alijua, lakini alikuwa bado anakula kwa baba, hakusema neno. Nami sikusema, maana nilishasikia kaka anavyosema vizuri kunishinda.

Simu ilipona baadaye kwa apdeti nyingine iliyokuja yenyewe. Duara nalo lilitoa dhahabu. Kaka akalijengea kaburi la mayu vigae vyeupe, na siku ya kulibariki, padri alimtaja mbele ya watu wote kuwa mfano wa mtoto anayemheshimu mzazi. Watu walipiga makofi. Baba alipiga pia.

Mimi nilikuwa jikoni siku hiyo, nimepika pilau ya wageni wote. Mama mdogo alipopelekewa sahani aliuliza nani amepika. Alipoambiwa, aliisukuma kwa vidole viwili, akaomba aletewe maji tu. Kaka aliyekuwa amekaa karibu naye akaivuta, akaila pamoja na ya kwake.