Mwavuli wa Babu na Mikate ya Mama

Jani la mgomba likiungua lina harufu yake. Si moshi, si ndizi, ni kitu cha katikati, kitamu kidogo na kichungu kidogo, kikikuingia kwenye nywele utashinda nacho. Juzi mjukuu wangu alikuwa anaoka keki jikoni kwangu kwa jiko lake la umeme, huku analalamika kwamba ameweka picha kwenye simu na wateja hawaji. Nikamwambia tandika jani la mgomba chini ya hiyo keki, acha kulia. Jani likaanza kukauka, ile harufu ikatoka, na mimi hapo kwenye kigoda nikawa mtoto wa miaka tisa.

Sikilizeni niwaambie. Kusoma nimeishia darasa la nne, lakini kuona nimeona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla yake unga wa ngano tuliusikia kama watu wanavyosikia habari za Ulaya. Ghafla maduka ya Tukuyu yakajaa unga, sukari, siagi ya kopo, sabuni za kunukia, na kila mtu akawa mfanyabiashara. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Dhahabu yenyewe mpaka leo sijaiona. Mama alibaki akichuma chai kwenye shamba la watu. Alitoka bado giza, umande ukamlowesha mpaka kiunoni, akarudi magoti yamevimba kama maboga.

Jioni moja akarudi na mfuko wa unga kichwani. Akautua, akashika kiuno, akaniambia:

"Tusa, naoka mikate. Mfuko huu ukiisha sijapata wateja, narudi kwenye chai, nalala huko huko kambini. Na wewe unakwenda kwa shangazi yako Masukulu."

Shangazi wa Masukulu alikuwa mtu wa sala. Kabla ya kula aliombea kila mtu aliyemjua, na alijua watu wengi, ugali ukapoa mpaka ukaota ngozi. Basi nilianza kuupenda mkate kabla sijauonja.

Mama aliwahi kufua nguo kwa mke wa bwana mmoja wa shamba la chai, na macho yake hayakuwa kwenye nguo tu. Alilegeza jani la mgomba kwenye moto, akalitandika ndani ya sufuria, akaweka unga aliokanda na ndizi mbivu ili kuokoa sukari. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko. Mkate ulitoka mwekundu, mistari ya jani imejichora mgongoni. Nasema bila aibu: mkate kama ule siuoni tena, hata wangu.

Tulianza Bulyaga, mtaa wa Tukuyu mjini. Niliingia kwenye hoteli ya mama mmoja mnene, mwenye mdomo. Akafunua jani kwa kidole kimoja, kama anayefunua kidonda.

"Mwe! Mkate wa watu unakuja kwenye karatasi. Huu wako umezaliwa shambani?"

Wateja wake wakacheka, mmoja chai ikamtoka puani. Nikarudi na beseni limejaa. Kesho yake tena, na keshokutwa. Nyumbani tukala mkate asubuhi, mkate mchana, mkate jioni, nikaanza kutamani ule ugali wa ngozi wa shangazi. Na mfuko pale kwenye kona ulizidi kukunjamana.

Mahali pazuri pa kuuzia palijulikana. Hapo chini tu, kwenye njia panda ya hospitali ya Makandana, wanapopita wauguzi wa zamu, watu wanaopeleka uji kwa wagonjwa, na vibarua wanaosubiri lori la chai. Lakini pale ndipo alipokaa Babu, mzazi wa baba, fundi miavuli. Na kwetu mvua haina likizo, kwa hiyo Babu hakukosa kazi hata siku moja.

Wenzangu msio wa huku, niwaeleze. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Mama alikuwa ameolewa kabla mimi sijazaliwa na hakujua uso wa Babu ukoje. Babu akija njiani alikohoa kwa nguvu, mama akaingia kwenye migomba, akageuza mgongo mpaka mzee apite. Hata mimi alinikataza kuuza pale. "Mahali anapokaa mzee si mahali pa kupigia kelele zetu. Ataona namfuata."

Ulipobaki unga wa mwisho, nikakanyaga kaa la moto. Unyayo ukatoka lengelenge kubwa kama yai. Bulyaga ikawa mbali kama Mbeya. Mama alitazama mikate, akatazama mguu wangu, akajifunga kanga. Tukashuka naye akiwa na beseni kichwani, mimi na fimbo, mpaka kwenye migomba iliyo juu kidogo ya njia panda. Hapo akasimama, ameipa barabara mgongo.

"Nenda nayo miwili miwili," akanong'ona. "Mwamkie kwanza."

Nikashuka nikichechemea. Mkate mmoja ukaangukia kwenye matope kabla sijafika, nikauokota. Babu alikuwa ana mwavuli magotini, uzi mdomoni.

"Nani amekutuma na mguu huo?"

"Mama."

"Yuko wapi?"

Nikaonyesha migomba kwa mdomo. Kanga ilikuwa inaonekana. Babu akainamisha macho haraka, kana kwamba jua limempiga. Akachukua mkate ule wa matope, akaufuta, akamega upande uliosalimika, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, Babu hakuwa na meno mengi. Halafu akakohoa kile kikohozi chake cha njiani, lakini hakuwa anakwenda popote. Akavuta mwavuli mmoja mweusi, mkubwa, wa mchungaji fulani aliyeuleta kushonwa, akaufungua, akajigeuza upande wa ukuta na kujifunika kichwa na mabega. Ikabaki miguu tu na viatu vya raba.

"Wewe Tusa!" akapaza sauti kutoka ndani. "Mwambie huyo mtu wa kwenye migomba kwamba hapa hakuna mzee. Hapa kuna mwavuli tu. Na mikate inapoa."

Sikuhitaji kumwambia, hata wagonjwa wodini walisikia. Mama alikawia, nikadhani amekimbia. Kisha akashuka, uso umeangalia chini, akatua beseni upande wa pili.

Jua lilikuwa linawaka, siku moja katika mwezi. Rafiki yake Babu, muuza tumbaku, alishindwa kujizuia.

"Mzee mwenzangu, mvua unaiona wapi?"

"Huku kwangu inanyesha," Babu akajibu. "Nunua mkate uondoke."

Watu wakasogea kuutazama mwavuli, wakakuta mkate. Muuguzi mmoja akaonja, akachukua mingine ya wenzake. Vibarua wa chai wakala wakiwa wamesimama, lori likapiga honi, wakapanda na majani mikononi. Beseni likaisha kabla ya kengele ya shule.

Mama akakunja kanga yake. "Tusa," akasema, amegeukia migomba, "mwambie mwavuli, ndaga fijo. Asante sana."

Mwavuli ukatikisika kidogo.

Unga mwingine ulinunuliwa siku hiyo hiyo. Kila asubuhi mama alishuka, Babu akakohoa, mwavuli ukafunguka, jua au mvua, mpaka baadaye sana mtu akawawekea kiambaza cha matete katikati. Mama hakurudi kwenye chai. Masukulu nilikwenda Krismasi tu, kusalimia.

Mimi nilicheka miezi yote ile. Nilidhani Babu anamwogopa mama, kama mimi nilivyomwogopa mbwa wa mwalimu. Niliwasimulia wenzangu shuleni, tukaigiza kwa majani ya magimbi.

Nimeolewa, nimezaa, Babu tumemzika, mama tumemzika. Mwaka jana nikapeleka mwavuli wangu kwa fundi mjini. Nikasimama namtazama. Ameubana kwa magoti, mkono mmoja umekunja waya, mwingine unapitisha sindano, uzi ameung'ata kwa meno. Hapo ndipo iliponiingia. Kazi ile ni ya mikono miwili, na hata hiyo haitoshi. Na Babu asubuhi zote zile, wateja wake wakimpita, mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mwavuli.

"Bibi, mbona unalia?" fundi akaniuliza. "Mwavuli si unapona?"

Nikamwambia ashone tu.