Kila Boma na Jiwe Lake

Binti yangu ni muuguzi Uingereza, na nilipokwenda kumwona nilimwomba anipeleke kwenye abasia moja, yaani makao ya kale ya watawa. Nilikuwa na sababu. Kanisa letu la mawe karibu na Mabanga lilijengwa na Baba, fundi wa mawe, kwa kufuata picha ambayo mmishonari alikuja nayo kutoka kwao, na picha yenyewe ilikuwa ya abasia hiyo. Mmishonari alipoondoka alimwachia Baba. Nilikua nikiiona ukutani sebuleni, imeliwa na mende pembeni.

Nilikuta gofu. Paa hakuna, milango hakuna, njiwa wamekunya juu ya nguzo mpaka zikawa nyeupe, na pale madhabahu ilipokuwa watu wameketi wanakula mkate na mayai. Mtoto mmoja alikuwa anafuta vidole vyenye mafuta kwenye ukuta. Nilitaka kurudi kwenye gari.

Lakini matao yalinishika. Yalikuwa yamesimama mstari mzima, yamechongoka juu, sawasawa na ya Baba ila makubwa mno. Mama aliyekuwa anatuongoza alieleza kwamba tao la namna hiyo huuteremsha uzito kwenye nguzo, haliutupi pembeni sana kama la mviringo, ndiyo maana kuta ziliweza kupanda na madirisha yakawa mapana. Hilo nililijua tangu utotoni. Baba alikuwa akituonyesha kwa magunzi ya mahindi baada ya kula, anayaegemeza moja kwa lingine, kisha anatuambia tubonyeze juu tuone kama yataanguka.

Kisha akaeleza jinsi kanisa lile lilivyokufa. Watawa wale walikuwa wafugaji wa kondoo, wakatajirika kwa sufu. Mfalme akagombana na Papa, akayafunga makao yote ya watawa na kutwaa mali. Watu wake walibandua risasi, yaani madini laini yaliyoezekea paa, wakaiyeyusha kwa moto wa viti ambavyo watawa walikuwa wanavikalia wakiimba. Mvua ikaingia. Baada ya hapo mfalme hakuhitaji kufanya lolote tena, kwa sababu majirani walikuja na mikokoteni yao kubeba mawe. Alituonyesha nyumba ya mkulima ng'ambo ya kijito, akasema banda lake la nguruwe lina mawe yaliyochongwa maua.

Watu waliobatizwa mle, waliozika wazazi wao mle, walichukua kanisa wakafugia nguruwe. Nikatema mate kwenye nyasi, binti yangu akaona haya.

"Mama, ni zamani sana," akaninong'oneza.

"Uchafu ni uchafu," nikamwambia.

Nilirudi nyumbani bado nina kinyaa, nikakuta mchungaji mpya na kamati yake wameamua kanisa letu libomolewe. Ati lina giza. Walitaka ukumbi wa mabati wenye vigae, dari la jipsamu na taa za kubadilika rangi. Nilisimama mkutanoni nikawasimulia habari ya abasia yote, mpaka banda la nguruwe. Nikaomba kitu kimoja tu, waliache tao la mlango wa mbele, ambalo juu kabisa lina jiwe la kufungia, lile la katikati linaloyakaza mengine, na kwenye jiwe hilo Baba alichonga hindi dogo kwa tindo yake.

Walinisikiliza vizuri. Waliitikia amina. Halafu mwenyekiti akasema, "Mama, tumesikia. Lakini si hapo ndio magari itapita?"

Hapo mzee mmoja akauliza mawe yatakwenda wapi. Akakumbusha kwamba wakati wa ujenzi kila boma lilibeba mawe yake kutoka mlimani, kwa hiyo haki ni kila boma lirudishiwe. Walipiga makofi kwa furaha, na mimi nikajua kwamba limekwisha. Waligawa kanisa kama wanavyogawa ng'ombe wa matanga, huyu mguu, yule kifua, wajomba wasisahauliwe. Watu walioimba ndani yake Jumapili iliyotangulia walikuja na mikokoteni wakigombania madirisha. Mwingine alisimama juu ya madhabahu kwa gambuti zenye samadi ili afikie dirisha. Niliwachukia wote.

Sehemu ya fundi, yaani tao, walitengea boma letu. Kwa desturi yetu ya kugawa, sehemu ya baba huchukuliwa na mwana wa kiume, basi hawakuniuliza. Kaka yangu mdogo, anayefuga nguruwe Kitale, alikuja na trekta akapakia mawe, hata hakunywa chai. Nilijikaza nikashukuru. Angalau liko kwa damu ya Baba, nilisema.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mavuno. Aliniuliza habari za safari, kisha akasema anataka kunionyesha kitu. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Harufu ilinifikia kabla sijaona, nikafunga pua kwa leso. Alikuwa amejenga banda jipya, na kwenye mlango wake alikuwa amelisimamisha tao la Baba, lote, jiwe juu ya jiwe, hindi dogo juu kabisa. Nguruwe jike alikuwa anajikuna mgongo kwenye nguzo, ameipaka kinyesi mpaka urefu wa kiuno changu.

"Dada, si unaona? Wengine wote walivunja zao wakajengea choo. Mimi nimerudishia vile Mzee aliweka. Nilijaribu kwanza na magunzi."

"Litoe," nikamwambia.

"Nikitoa, si yote itaanguka? Wewe unajua, bana. Alitufundisha sote wawili."

Nilitaka kumtukana. Nilimsogelea nguruwe, nikaweka mkono juu ya jiwe la nguzo, nikasukuma kwa nguvu zangu zote ili nimwonyeshe kaka yangu yeye ni fundi wa namna gani. Tao halikutikisika. Lilikuwa limekaa vile vile Baba alivyolikaza, na katika kanda hii nzima hakuna jingine kama hilo. Nikanawa mikono bombani, nikanawa tena, na mchana waliponiandalia nyama sikuweza kula.