Jumapili za Mabluzi Pale Mchafukoge

Siku niliyomwambia mke wangu kwamba naanzisha bendi ya bluzi, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Una miaka arobaini na saba," alisema, "na mgongo unakuuma."

Nikamwambia hizo ndizo sifa zenyewe zinazotakiwa.

Mimi nauza mapazia Kariakoo. Mtu aliyekaa miaka ishirini katikati ya vitambaa vya maua, akisikiliza watu na wake zao wakigombania tofauti ya rangi ya maziwa na rangi ya krimu, ana haki ya kupiga muziki wa huzuni. Gitaa nilijifunza ujanani. Bluzi nilijifunza dukani, kwenye simu, nikiwatazama wazee wa Kimarekani wanaolalamika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na ninafahamiana na wapangaji wengi.

Kwenye besi nikamchukua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Songea anayepigia kwaya kanisani. Alinipa sharti moja tu: shetani asisifiwe. Kwenye dramu tukampata mzee mmoja mstaafu wa bendi ya gwaride. Alipiga kila kitu kana kwamba kuna rais anashuka kwenye ndege.

"Mzee, shikamoo. Taratibu kidogo," nilimwomba mazoezini.

"Marahaba. Hii ndiyo taratibu."

Mwenye klabu pale Mchafukoge alitukubali haraka mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. "Mabluzi? Wateja wangu wanayapenda sana hayo. Kila Jumapili, saa kumi jioni." Sasa, hapa Bongo ukisema mabluzi, watu wengi wanaelewa nyimbo za mapenzi za polepole, zile za kushikana kiuno. Yeye alikuwa anawaza viuno, mimi nawaza kilio, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Jumapili ya kwanza tulikuta ubao mlangoni: JUMAPILI YA MABLUZI, NJOO NA UMPENDAYE.

Zilikuja jozi saba za wapenzi, wamenukia hasa. Tukafungua na wimbo nilioutunga mwenyewe kwa Kiingereza, kuhusu treni iliyoondoka na mpenzi wangu. Mpenzi wangu alikuwa nyumbani Tabata anatazama tamthilia. Jozi zikainuka, zikashikana, zikafumba macho. Mzee akashusha gwaride lake. Baada ya dakika moja watu kumi na wanne walikuwa wanazunguka ukumbi kwa hatua za askari, wamekumbatiana, hawajui wafanye nini na miguu yao. Dada mmoja akaenda kukaa akauliza kwa sauti, "Hawa wamefiwa?"

Wimbo wa tatu ulipoisha, mpishi wa klabu akatoka jikoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Gerezani, na mkononi ana mwiko wa kukaangia samaki.

"Kaka," akaniambia, "unalia kwa Kiingereza. Nani atakupa pole hapa?"

"Dada, ndivyo bluzi ilivyo. Unasema mstari, unaurudia, halafu unajijibu."

"Hivyo ndivyo ninavyogombana mimi. Lete hicho kipaza sauti."

Nikampa, kwa sababu ya mwiko. Akaimba:

*Kaondoka na neti, mbu kaniachia mie,*
*Kaondoka na neti, jamani, mbu kaniachia mie,*
*Usiku najipiga makofi, jirani anadhani karudi.*

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikasogea. Wanawake wakaitikia mstari wa pili kama wameufanyia mazoezi. Hata mzee akapunguza mwendo mwenyewe, bila kuombwa. Tulipomaliza nikamsifu dada kwa utunzi. Akanitazama.

"Utunzi gani? Ameondoka mwezi uliopita. Na neti kaibeba kweli."

Sikujua niufiche wapi uso wangu, maana mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Jumapili ya pili alikuja bila aproni. Ya nne, nyimbo zangu za Kiingereza zilibaki mbili. Ya sita hazikubaki, na hakuna aliyepiga kura. Niliumia. Nikamvuta shemeji pembeni nikamwambia bendi hii ni yangu.

"Ni kweli, shemeji, bendi ni yako," alisema huku akifuta besi yake. "Ila watu wanakuja kwa yule dada."

Nilinuna wiki nzima, mke wangu ni shahidi.

Kisha Jumapili moja akaingia mwanaume mwembamba mwenye kofia ya kiua, akakaa meza ya mbele, akaagiza soda. Dada alikuwa katikati ya wimbo wa neti. Sauti yake ikayumba kidogo, ikasimama, ikaendelea. Aliimba mpaka mwisho bila kumwondolea macho. Mwanaume akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Naomba kujibu."

Mzee akampigia mrindimo wa ngoma, sijui kwa nini. Nadhani ni mazoea.

"Ile neti ni yangu. Niliinunua kabla ya ndoa."

Wanaume wawili wa kaunta wakasema hapo ana hoja. Wanawake wakawazomea.

"Sawa," dada akajibu kwenye kipaza sauti. "Na mbu nao ulikuja nao kwenye ndoa?"

Kelele zilizopigwa hapo, mwenye klabu alitoka ofisini akidhani watu wanapigana. Zilipotulia, mwanaume akasema taratibu, "Nimeirudisha. Nimemwachia mama yako." Na kwa jinsi alivyoishika ile soda, ukumbi mzima ulijua kwamba hakuja kwa ajili ya neti.

Nilihesabu mizunguko miwili ya besi.

"Asante," dada akasema. "Sasa kaa utulie, tunaendelea."

Hakumrudia. Neti aliichukua.

Tulipopumzika nilimfuata jikoni. Alikuwa anageuza samaki, macho mekundu. "Moshi," akasema. Jiko lenyewe ni la gesi. Nikachukua sahani, nikaanza kumpangia ndimu na pilipili, vibaya, akanirekebisha. Halafu akaniambia ule wimbo naupiga juu mno, unamkaba koo, niushushe.

Nikaushusha.